Mepo wa Kijapani wa bonsai: nikate lini na waya nifunge lini? Naombeni ushauri

Chipukizi:
Wakuu habari zenu. Nina bonsai (mti unaofanywa ubaki mdogo kwenye chungu) ya mepo wa Kijapani (Acer palmatum), shina unene wa kidole gumba, ila matawi yote yanakimbilia juu kama fagio na mimi nataka yalale kidogo. Kinachonichanganya ni majira, huyu ananiambia kata mwishoni mwa baridi kabla haujachipua, yule anasema muda huo utomvu utavuja. Na waya wa kulaza matawi je, nifunge mti ukiwa uchi au ukiwa na majani? Mti una afya na mwaka huu haujahamishwa chungu. Gamba lake ni laini mno, sitaki libaki na alama.

MkasiPolepole:
Mkuu huyo aliyesema utomvu yuko sahihi. Mwisho wa baridi maji yanaanza kupanda, ukikata tawi nene hapo litachuruzika. Vitawi vyembamba havina shida, ila makubwa subiri majani yakomae mwanzoni mwa kiangazi, kidonda kinafunga haraka, halafu paka dawa ya kuzibia. Usikate ukagusa fundo (pale jani au tawi linapotokea) kabisa, acha kipande kidogo juu yake maana mepo huwa unakauka kurudi chini, kikishakauka ndio unakisawazisha. Na penye matawi matatu au zaidi kwenye fundo moja bakiza mawili tu, la sivyo pale patavimba na uvimbe wa mepo hauondoki kirahisi.

Mama Vyungu:
Mdogo wangu usisahau kuchuna wakati wa kuchipua, kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko mkasi. Majani mawili ya kwanza yakianza tu kufunguka, katikati yake kuna kincha laini kimejikunja, kitoe kwa kibano. Ukichelewa siku chache pingili (kipande kati ya fundo na fundo) inarefuka na ikisharefuka haifupiki tena, mpaka ukate uanze upya. Ila tawi unalotaka linenepe usilichune, liache likimbie.

Jicho la Tawi:
Kwenye waya mimi nafunga majani yakishapukutika, unaona kila tawi lilivyo. Tumia alumini, shaba ni ngumu kwa gamba hilo. Unene wa waya kama theluthi ya tawi, zungusha kwa nyuzi 45, usikaze.

MkasiPolepole:
Hapo mimi natofautiana kidogo, matawi ya mepo wakati wa baridi yanavunjika upesi, vichipukizi vya mwaka huu mwanzoni mwa kiangazi vinapinda vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba muda huo vinanenepa kwa kasi, kwa hiyo ukague kila siku chache.

Chipukizi:
Asanteni sana wakubwa zangu. Sasa nikiona waya umeanza kubana niufungue niurudishe?

Jicho la Tawi:
Usiufungue kwa kuuzungusha, utavunja macho ya tawi, yale yatakayochipua. Ukate vipande kila mzunguko kwa koleo. Tawi likirudi juu funga mwingine lakini upite njia tofauti, usirudie mstari uleule.

Mama Vyungu:
Na kama utatoa majani kiangazi ili upate madogo, fanya mwaka huu tu kwa vile haukuhamishwa chungu, na matawi ya chini yaliyo dhaifu yaachie majani yake yote. Huo mwaka wa kubadilisha udongo usiutoe majani kabisa.