Mfumo wa "kila kitu mahali pamoja" umekalia data ya duka letu. Tunataka data yetu!

Assalam aleikum wana jukwaa.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Sisi tuna duka la jumla hapa Amu, yaani Lamu mjini: unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia. Tunapeleka mzigo Shela, Matondoni, mpaka Faza na Kizingitini kule kisiwa cha Pate. Kuna kampuni (sitaitaja) ilitujia na mfumo mmoja wa biashara nzima. Stoo, mauzo, mishahara, orodha ya wateja, ankara za KRA (mamlaka ya kodi) na ujumbe wa otomatiki kwa wateja, vyote humo humo. Tukaambiwa tuache daftari, tuache Excel, tuhamishie kila kitu kwao. Sasa tunataka kuondoka, na jibu lao ni kwamba data kamili haitoki bila kulipia "huduma ya uhamishaji", bei watatutajia baadaye. Data tulioingiza wenyewe, mimi na dada yangu, ankara moja baada ya nyingine usiku duka likishafungwa!

Mnajua mzigo unavyofika huku. Lori linatoka Mombasa, linashusha Mokowe upande wa bara, boti inavusha, kisha punda wanapandisha kutoka gatini mpaka stoo. Mfumo wao unajua hali mbili tu, "imeagizwa" na "imepokelewa", na unajibadilisha wenyewe mara tu msambazaji anapotoa ankara. Kwa hiyo mchele uliolala Mokowe kwa sababu bahari imechafuka, kwenye simu unaonekana uko dukani. Kijana wetu wa kaunta anamwuzia mtu wa Faza magunia ambayo hayajavuka. Yule mteja amekuja na boti yake, na akichelewa maji yakatoka, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki, analala huku na gharama zake. Tuliomba waongeze hali ya tatu tu, "iko Mokowe". Wakasema tupande kifurushi cha juu.

Lakini kilichoniumiza hasa ni ule ujumbe wa madeni.

Mteja akilipa kwa till (namba yetu ya malipo ya M-Pesa), taarifa ya malipo inatakiwa ifike kwenye mfumo ili ankara ijifunge. Taarifa hizo hupotea njiani mara nyingine, mtandao ukiyumba au seva yao ikiwa imelala. Mfumo uliotengenezwa kwa makini hurudi baadaye ukalinganisha ankara zilizo wazi na orodha ya malipo ya till, ukajisahihisha. Huu wao haulinganishi chochote. Unaona ankara iko wazi, unahesabu siku, unatuma ujumbe. Mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani, aliyekuwa akinunua kwa marehemu baba tangu mimi mtoto, alipata huu: "Ndugu mteja, deni lako limepitisha muda. Lipa leo kuepuka hatua zaidi." Alikuja dukani baada ya alasiri, simu mkononi, uthibitisho wa M-Pesa uko wazi kwenye kioo, akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, nimekudhulumu nini?" Nilimwomba radhi, nikaenda na nyumbani kwake. Kampuni niliiandikia siku hiyo hiyo, ikanipa namba ya tiketi.

Na huwezi kuzima kipande kimoja. Ukizima ujumbe wa madeni, na ujumbe wa risiti unazimika, kwa sababu wameviunganisha. Mtandao ukikatika, kaunta haiuzi, maana hakuna kinachohifadhiwa kwenye kompyuta ya duka. Muuzaji wao alituapia intaneti ya siku hizi haikatiki. Nani amesahau Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na Afrika Mashariki nzima ikakwama?

Sipingi wazo lenyewe. Uuze mara moja, stoo ipungue, ankara ya eTIMS (ile ya kielektroniki ya KRA) itoke, hesabu ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ijijaze: ni jambo zuri, na sisi tunalihitaji. Tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama isiyo na ankara ya eTIMS, kwa hiyo hoteli za Shela zikikosa ankara kwetu zinanunua kwingine. Ndiyo sababu mfumo huu ukishika breki, biashara yote inasimama, na wao wanalijua hilo wanapotutajia bei.

Kuhusu data, nilipolalamika walinipa faili la CSV (jedwali la kawaida) lenye majina na namba za simu za wateja. Historia ya madeni haimo. Malipo hayamo. Ankara za zamani napakua PDF moja moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema anayechakata data kwa niaba ya mwingine afanye kazi kwa maagizo ya mwenye kuidhibiti, tena kwa mkataba wa maandishi. Taarifa za wateja wangu mdhibiti ni mimi. Malalamiko yanaandaliwa kwenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa anayetaka kununua mfumo wa aina hii: kabla hujalipa, mwambie muuzaji akupakulie hifadhidata nzima mbele yako, akuonyeshe ankara, malipo na madeni yako humo ndani. Akianza kuzungumzia kifurushi, usitie saini. Ipo mifumo inayokuachia nakala rudufu kamili, kama ERPNext ambayo ni programu huria, au Odoo toleo la Community, ukiwa na fundi wa kukuwekea kwenye seva yako. Kama kuna mtu hapa Lamu au Malindi amehamia huko kutoka kwenye mfumo wa kulipia kwa mwezi, naomba anieleze madeni ya wateja aliyahamishaje.

Na nyinyi wa kampuni, najua mnasoma humu. Nataka mambo matatu: ankara zote, malipo yote na salio la kila mteja, kwenye mafaili yanayofunguka Excel. Nayataka kabla ya tarehe 20, kwa sababu siku hiyo ritani ya VAT lazima iwe imeingia, na faini ikija itakuja kwa jina la duka letu.