Wazo la gemu ya bao mtandaoni: nilifiche kwanza au nianze kulitekeleza?

KijanaWaNgamiani aliuliza:

Wakuu, salamu kwenu. Kwa muda mrefu nimekuwa na wazo la gemu ya simu itakayowawezesha watu wawili walio mbali, tuseme mmoja yuko Tanga na mwingine Muscat, kucheza bao la Kiswahili, huku kukiwa na ngazi za wachezaji, mashindano ya kila mwezi na zawadi zinazolipwa kwa pesa za simu. Mimi mwenyewe sijui kuandika programu. Nimempata kijana mwenye ujuzi huo, lakini nilipomtaka atie saini mkataba wa kutunza siri kabla sijamweleza chochote, alikataa, akasema hawezi kujifunga kwa jambo asilolijua. Vilevile aliguna nilipomwambia kwamba, kwa kuwa wazo ni langu, nitabaki na asilimia 80 ya hisa naye atapata 20. Naomba ushauri wa mambo mawili: nifanyeje ili wazo hili lisiibwe kabla sijapata mwekezaji, na je, mgawanyo huo ni wa haki?

MhandisiWaUsiku alijibu:

Ndugu, nianze na sheria kwa sababu ndiyo fupi. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu haki za kazi za ubunifu, katika kifungu cha 9, unaeleza kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyowasilishwa, wala hailindi wazo lenyewe, na huo ndio msimamo wa sheria za hakimiliki karibu kote duniani. Michoro yako, muziki wako na msimbo (maandishi yanayoiunda) wa programu yako vitalindwa siku vitakapokuwapo. Kwa sasa havipo. Bao lenyewe tumelirithi, na programu za kulicheza kwenye simu zimekwisha kutengenezwa na watu wengine, kwa hiyo hicho unachokificha kiko hadharani tayari.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua ni wa gemu ya kompyuta iitwayo Minecraft. Mwaka 2009 Mmarekani Zachary Barth alitoa gemu iitwayo Infiniminer, ambamo wachezaji walichimba na kujenga kwa matofali ya mraba. Msimbo wake ukavuja, watu wakaanza kutoa matoleo yao, naye akaacha kuiendeleza. Mwaka huohuo Markus Persson wa Sweden, ambaye hakuwahi kuficha kwamba Infiniminer ilimpa mwanga, alitoa toleo la kwanza la Minecraft likiwa bado bichi, akaliuza kwa bei ya chini kwa waliokubali kucheza kitu ambacho hakijakamilika, na akaendelea kuongeza na kurekebisha mambo huku akiwasikiliza, hadi toleo kamili lilipotoka Novemba 2011. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Matofali yalikuwa yale yale. Kilichotofautiana ni ile kazi ya miaka miwili mbele ya macho ya wateja.

Kuhusu hisa, kijana aliguna kwa haki. Mwandishi wa programu ndiye atakayekesha seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji, ikianguka, na kwa asilimia 20 atakuacha mara tu atakapopata ajira. Afadhali mkubaliane hisa zipatikane kidogo kidogo kadiri kila mmoja anavyoendelea kufanya kazi. Kampuni nyingi changa za Marekani huzigawa kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha haondoki na kitu. Utaratibu huo utakubana na wewe pia, na ni vizuri ukubane.

BintiMvita alijibu:

Naunga mkono, ila ningependa tuliangalie bao lenyewe, maana sentensi moja kama "watu wawili wacheze bao kwa simu" ina maamuzi mengi ambayo hayamo katika wazo.

Chukua nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji. Kila mchezaji huanza na kete 6 ndani ya nyumba yake, kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi. Katika hatua ya kunamua, yaani ya kuingiza ubaoni kete za mkononi moja moja, mchezaji aliyekula akisambaza kete na ya mwisho ikaangukia nyumbani kwake, ana hiari: asimame hapo, au azichote kete zote za nyumba na kuendelea. Barazani hiari hiyo huonekana kwa mkono tu. Kwenye simu, je, utamwekea vitufe viwili vinavyoziba ubao, au utamwachia sekunde kadhaa aguse nyumba? Asipogusa kwa sababu mtandao umekatika, tuhesabu amesimama? Kwa mchezaji hodari hapo ndipo mchezo ulipo, na ukikosea hatarudi, hata zawadi ziwe nono namna gani.

Kisha kuna mwendo wa kete. Fundi wa bao husambaza kwa mkono mmoja upesi sana na watazamaji wanamfuata bila taabu, lakini kwenye kioo kidogo kasi hiyo humfanya mpinzani asijue ameliwa wapi. Ukipunguza kasi, mtaji mrefu, yaani mwendo mmoja wa kula na kusambaza unaozunguka ubao mara kadhaa, utamchosha anayesubiri. Sioni njia ya kuipata kasi inayofaa isipokuwa kuwakalisha wachezaji na kuwatazama.

Jambo jingine ni kwamba huhitaji programu ili uanze. Tafuta wachezaji wawili walio miji tofauti, weka ubao mezani kwako, wakutumie hatua zao kwa WhatsApp nawe uzitekeleze na kuwapigia picha. Wakimaliza mchezo na kuomba mwingine, una jambo la kumwonyesha mwekezaji na la kumwonyesha kijana wako. Wakichoka katikati, utakuwa umejua bila kutumia fedha.

MtuWaHesabu alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo, maana tukisema kwamba utekelezaji ndio kila kitu, kijana atadhani kazi nzuri hujilinda yenyewe. Gemu ya simu ya Threes, ya kuunganisha namba, ilitoka Februari 2014 baada ya watengenezaji wake kuihangaikia zaidi ya mwaka mzima, ikauzwa kwa dola chache. Mwezi uliofuata kijana wa Kiitaliano, Gabriele Cirulli, alitoa 2048, gemu inayofanana nayo aliyoijenga mwishoni mwa wiki moja, ya bure na inayochezwa moja kwa moja kwenye kivinjari, nayo ikaenea duniani. Watengenezaji wa Threes waliona uchungu na wakausema hadharani.

Ninachokiona hapo ni kwamba bei na njia ya kumfikia mchezaji nazo ni sehemu ya utekelezaji. Kwa wachezaji wetu, wengi wao wakiwa na simu za bei nafuu na bando la siku, programu nzito itafutwa siku simu itakapojaa. Bao halihitaji picha nzito. Hatua moja ya mchezaji ni maandishi machache tu yanayosafiri mtandaoni. Lifanye jepesi, na hapo ndipo mwigaji mwenye fedha nyingi na michoro ya kifahari atakapopata shida kukufuata.

KijanaWaNgamiani alijibu:

Nimewaelewa, wakuu, na mkataba wa siri nimeuweka kando. Nitaanza na jaribio la WhatsApp wiki hii, kisha nitarudi kwa kijana tuzungumze upya. Je, zawadi za fedha niziweke tangu mwanzo?

MhandisiWaUsiku alijibu:

Ziache kwanza. Wachezaji wakichangia fedha na mshindi akazichukua, utaulizwa kama huo ni mchezo wa kubahatisha, kwa hiyo wasiliana na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa malipo, na usome pia masharti ya Google Play, duka la programu za simu za Android, kuhusu gemu za fedha. Kufungua akaunti yao hugharimu dola 25 mara moja, lakini akaunti mpya ya mtu binafsi hutakiwa iwe na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya gemu kutolewa kwa umma. Waandikishe hao 12 kutoka kwa wachezaji wako wa WhatsApp, na uwachague wenye simu dhaifu.

BintiMvita alijibu:

Nyongeza kwa kijana wako: katika bao kuna mitaji ambayo kinadharia haiishi, kete zinazunguka tu. Barazani watu huona na kukubaliana, lakini seva itazunguka usiku kucha. Aiwekee programu kipimo: hali ileile ya ubao ikijirudia ndani ya mtaji mmoja, mchezo usimamishwe na wachezaji waelezwe sababu, na uamuzi wa nani ahesabiwe mshindi mkauulize kwa wazee wa bao kabla hamjauandika.