Mafundi wa Tanga, kila pikapu ikizima njiani ni "pampu imekufa"? Mmetuchosha!

Wakuu,

Hili sasa limezidi. Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya 2L au 3L inatoka Muheza na machungwa, ikikaribia Pongwe inapungua nguvu, inazima, haiwaki tena. Inavutwa hadi gereji mjini. Fundi hajashika hata spana, hukumu tayari: pampu (ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli) imekufa, tafuta ya mtumba. Inafungwa, gari linawaka, hela inalipwa, na baada ya siku chache linazima vilevile.

Mnajua kwa nini liliwaka? Kwa sababu hakuna anayefunga pampu bila kutoa hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Kilichotibu ni kule kutoa hewa! Kazi hiyo ingefanyika bure kwa kiganja: bonyeza kipampu cha mkono kilicho juu ya filta mpaka kiwe kigumu, legeza nati za mabomba kwenye nozeli kwa spana ya 17 nusu mzunguko, piga stata isiyozidi sekunde 15 kwa mara moja, dizeli ikitoka bila mapovu kaza.

Na pale hewa inapoingilia hapakuguswa kabisa. Ni mpira uliochanika chini ya klipu, washa za shaba zilizorudiwa mara kibao, au mpira wa ndani wa kipampu chenyewe uliochoka. Msitafute dizeli inayodondoka, kwa kuwa upande huo mafuta yanavutwa: hewa inaingia, mafuta hayatoki. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, mapovu utayaona mwenyewe.

Kipimo ambacho mafundi wetu wanakikwepa ni dumu. Chukua dumu la lita 5 lenye dizeli safi, liweke juu kuliko pampu, chomeka humo mpira wa kuvuta na ule wa kurudisha, toa hewa, washa. Injini ikinguruma bila kusita, pampu haina kosa. Ugonjwa uko nyuma: filta, bomba, chujio la ndani ya tangi, au kifuniko. Ndiyo, kifuniko! Tundu lake la hewa likiziba, tangi linajivuta ndani na mafuta yanakatika. Ukikifungua, tangi linavuta hewa "fyuu", ukisubiri kidogo gari linawaka. Wengine wameziba kwa tambara na mfuko wa plastiki, ile ile iliyopigwa marufuku 2019.

Kabla ya dumu, sikiliza solenoidi ya pampu, ile vali ya umeme inayofungua na kukata mafuta. Washa swichi bila stata, chomoa waya wake kisha uguse tena: lazima ilie "tik". Isipolia, ipe volti 12 moja kwa moja kutoka betri. Injini ikiwaka, tafuta fyuzi, swichi au waya uliooza. Kwa chumvi ya bahari yetu hapa, kutu kwenye viunganishi ni jambo la kawaida. Ila ukishaiunga hivyo ufunguo hauzimi gari, sharti uchomoe waya.

Moshi nao unasema. Stata inazunguka na hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayafiki. Ukitoka mweupe, yanafika ila hayaungui, hapo usifungue njia ya mafuta. Na maji yaliyoingia kwenye dizeli yafungulieni chini ya filta, dakika mbili tu.

Pampu nayo hufa, sibishi. Dalili yake: asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto na kuzimwa haiwaki mpaka ipoe. Injini ikiwa imezima, funika kichwa cha pampu kwa tambara lenye maji, subiri, piga stata. Ikiwaka, kichwa kimelika, hapo hela ya pampu ni halali. Na ikizima ghafla bila kupungua nguvu kwanza, angalia mkanda wa taimingi kabla ya kuendelea kupiga stata. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali zinagonga pistoni.

(Injini za 2L-TE na 1KZ-TE zina pampu zinazoongozwa na kompyuta, hayo ni mengine.)

Mwenye kujua gereji Tanga mjini yenye benchi la kupimia pampu, inayompa mteja vipimo kwa maandishi kabla ya kubadilisha, ataje eneo hapa. Na wale mafundi mnaosoma kimyakimya: dumu la lita 5 linauzwa bei gani mpaka liwashinde?