Watanzania tunaoishi Nairobi: je, ni busara kumpeleka mzazi Mombasa wakati huu wa korona?

Mtanga wa Kilimani, 17 Agosti 2020

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kusafiri ndani ya Kenya tangu Nairobi ilipofunguliwa tarehe 7 Julai, hasa wageni wenzangu tunaoishi hapa kwa vibali vya kazi.

Nafanya kazi Nairobi kwa mkataba na ninaishi na mke wangu na watoto wetu wa shule ya msingi. Mwishoni mwa Februari mama mkwe alitoka Tanga kuja kutusalimia, akikusudia kurudi baada ya Pasaka. Yaliyofuata mnayajua: ndege za kimataifa zilisimamishwa Machi, Nairobi ikafungwa tarehe 6 Aprili, na katikati ya Mei mpaka wa Namanga ukafungwa kwa abiria, malori ya mizigo yakaachwa yapite. Tulitegemea kwamba Agosti angepanda ndege, lakini Kenya haikuiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wanaruhusiwa kuingia, na Tanzania nayo ikaifutia Kenya Airways kibali cha kutua kuanzia tarehe 1. Kwa hiyo mama yuko nasi bado, katika fleti ya ghorofa ya nne. Umri wake umepita miaka sabini, ana kisukari, na tangu Machi kushuka kwake chini ni kwa nadra mno. Halalamiki, lakini mke wangu anasema ameanza kunyamaza, na mtu anayemfahamu mama huyu ataelewa kwa nini jambo hilo linatutia wasiwasi.

Mdogo wake ameolewa Mombasa, yuko Kisauni, na hawajaonana kwa miaka mingi. Shule za hapa zimefungwa hadi Januari, kazi yangu kwa sasa naifanyia nyumbani, na barabara iko wazi. Mke wangu anaona kwamba tusipokwenda sasa tutajuta. Mimi nasita, kwa sababu sijui mgeni anasimama wapi endapo ataugua akiwa mbali na mji aliozoea, na sijui kama ni halali mbele ya watu wa Mombasa kuwapelekea familia nzima kutoka Nairobi, mji unaoongoza kwa maambukizi nchini. Je, twende, na kama twende, kwa chombo gani?

Mzee wa Syokimau

Marahaba, kijana wangu. Kabla hatujazungumza habari ya bahari, fungua pasipoti ya mama uangalie muhuri aliogongewa Namanga. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anayeingia kama mgeni hupewa ruhusa ya kukaa kwa muda usiozidi miezi sita, na mtu aliyeingia mwishoni mwa Februari anakaribia ukingo wa muda huo. Wewe una kibali cha kazi, mkeo na watoto bila shaka wana pasi za wategemezi, lakini mama hana kitu zaidi ya muhuri ule. Omba aongezewe muda sasa, mkiwa bado Nairobi, na utembee na uthibitisho wa maombi hayo. Askari wa kizuizini anayetaka vitambulisho vya watu waliomo garini hatasikiliza historia ya mashirika ya ndege, naye ana haki ya kutoisikiliza.

Jambo la pili ambalo wageni wengi hatulipimi sawasawa ni kasi ya milango kufungwa. Tarehe 6 Aprili Rais alihutubia mchana, na kufikia saa moja jioni ya siku hiyo hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake. Mombasa, Kilifi na Kwale zilifuata baada ya siku mbili. Ufunguzi wa Julai ulitangazwa pamoja na onyo kwamba hali ikiharibika vizuizi vinarudi. Mkenya anayefungiwa ugenini mara nyingi ana shangazi au shamba la babu la kujishikiza. Sisi tuna nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba wa Nairobi anaendelea kudai kodi yake hata kama umekwama Mtwapa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama mnaweza kukaa huko mwezi mzima bila kuharibikiwa: dawa za mama zitoshe muda huo, mwajiri wako awe amekubali kwa maandishi kwamba utafanya kazi ukiwa huko, na fedha ziwepo. Jibu likiwa hapana, kaeni.

Kuhusu ugonjwa, soma mkataba wa bima yako ukurasa kwa ukurasa. Bima nyingi za waajiri zimeandikwa na kifungu kinachoondoa magonjwa ya mlipuko, au zinalipia vipimo bila kulipia kulazwa, na mama mkwe kwa kawaida hamo kabisa katika orodha ya wategemezi. Uliza pia ni hospitali zipi za Mombasa zinazoipokea kadi yako, kwa kuwa orodha ya Nairobi huwa ndefu na ya mikoani huwa fupi. Serikali imeiagiza kila kaunti iandae vitanda visivyopungua 300 vya kuwatenga wagonjwa, lakini kitanda cha kumtenga mtu si kitanda chenye oksijeni na daktari wa wagonjwa mahututi, na kwa mtu wa umri huo mwenye sukari tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Kwa sababu hiyo, mngesema mnakwenda Lamu ningewakataza moja kwa moja. Mombasa ina hospitali kubwa za umma na za binafsi, hivyo hapo sina ugomvi.

Chombo: nendeni kwa gari lenu. Treni ilianza tena kubeba abiria tarehe 13 Julai na ndege za ndani tarehe 15, na vyombo hivyo vinafuata masharti vizuri kiasi, lakini ndani ya behewa mtakaa saa tano au zaidi pamoja na watu msiowajua. Kwa gari ni kilomita zipatazo 480, na kafyu inaanza saa tatu usiku. Mkiondoka alfajiri baada ya saa kumi, hata malori yakiwakwamisha Mlolongo na gurudumu likipasuka Mtito Andei, mtafika jua lingalipo. Msithubutu kuondoka saa sita mchana kwa matumaini. Chakula mbebe, na choo mchague cha kituo cha mafuta chenye maji ya kunawa.

Mwana wa Kisauni

Assalamu alaykum. Mimi ni mwenyeji wa huku, na nimekuwa tabibu kwa miaka mingi, basi nitasema lile ambalo wageni wetu hawalijui mpaka wafike.

Ndugu yetu wa Syokimau amezungumza vyema juu ya barabara na karatasi, lakini barabara si mahali mama atakapoambukizwa. Mkiwa garini wenyewe na barakoa mkishuka, hatari ni ndogo. Hatari inaanzia kizingitini kwa huyo mdogo wake. Dada mkubwa ametoka Tanga, hajaonekana miaka na miaka, halafu mnadhani atakaa barazani peke yake? Siku ya kwanza watakuja wa nyumba ile na majirani; jioni watakuja wakwe; kesho yake atakuja kila aliyesikia. Watamshika mkono, watambusu, watakaa chumba kimoja na pangaboi likizungusha hewa ile ile, na sinia moja la wali litatandikwa katikati. Kukataa mkono wa mtu aliyekuja kukupa pole ya safari ni jambo zito kwetu, na vijana watakaojaribu kuweka masharti wataambiwa wana kiburi cha Nairobi. Nimeona nyumba ambazo ugonjwa uliingia kwa njia hii hasa, wala hapana aliyekuwa na nia mbaya.

Tena lazima tuseme ukweli kuhusu mwelekeo wa maradhi. Wanaotoka Nairobi wanauliza kama watayakuta Mombasa, ilhali wao ndio wanaoweza kuyaleta. Mtu akishaambukizwa, dalili mara nyingi hutokea baada ya siku tano hivi na zinaweza kuchelewa hadi siku kumi na nne, na huanza kuwaambukiza wengine kabla hajahisi lolote. Wengine, hasa watoto, hawahisi kitu hadi mwisho. Kipimo mtakachofanya siku moja kabla ya safari kinaweza kuonyesha kuwa hamna virusi, kisha vikajitokeza mkiwa hapa.

Hata hivyo sisemi msije. Watu wa pwani wameumia. Hoteli zilifungwa, wapishi na wahudumu walirudishwa makwao bila mshahara, na Mji wa Kale uliwekewa vizuizi tangu tarehe 6 Mei, watu wakawa hawatoki wala hawaingii. Mgeni anayekodi nyumba, akanunua samaki kwa mvuvi na madafu kwa muuzaji, anatusaidia kuliko anayetuhurumia kwa mbali. Ninachosema ni kwamba msifikie kwa mama mdogo. Atakasirika, naye ana haki ya kukasirika, kwa hiyo mtu wa kumpigia simu mapema ni mumewe, aelezwe kwamba daktari wa mama ndiye aliyeamrisha. Heshima haivunjiki pale amri inapokuwa ya daktari.

Mama Furaha, Kasarani

Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, naishi Nairobi na wanangu, na ninauona mwelekeo tofauti kidogo na wa hao wazee ninaowaheshimu. Kinachomsumbua mama ni kufungiwa, kwa hiyo anzeni na kumtoa nje kabla ya kumpeleka mbali. Sisi tulikwenda Naivasha, ambako si zaidi ya kilomita mia moja, tukakaa kando ya ziwa tangu asubuhi, tukala tulichopika wenyewe, na kabla ya kafyu tulikuwa kitandani kwetu. Hakuna anayeweza kukufungia mahali ambapo hulali. Shirika la Wanyamapori nalo limepunguza viingilio vya mbuga tangu Julai, na mkazi mwenye kibali hatozwi bei ya mtalii wa kutoka ng'ambo, ilimradi aonyeshe kibali chenyewe langoni. Picha iliyomo kwenye simu tulikataliwa, basi bebeni karatasi. Ziwa si bahari, najua, na dada yake hayupo pale. Lakini mtajua kwanza kama mama anaistahimili safari ya gari, maana mtu wa sukari ambaye hajatembea tangu Machi huvimba miguu akikalishwa kwa muda wa saa tisa.

Mtanga wa Kilimani

Nawashukuru sana. Nimeufungua ukurasa wa pasipoti: muda wa mama unakwisha wiki ijayo, nasi tulikuwa tukipanga kuondoka kesho kutwa. Safari imeahirishwa mpaka maombi ya kumwongezea muda yapokelewe, na Jumamosi tutakwenda Naivasha kama alivyoshauri Mama Furaha. Bima nayo nimewapigia simu: mimi, mke na watoto tunalipiwa kulazwa, mama hayumo, kwa hiyo tunatenga fedha zake kando, na zikishindwa kufika kiasi ambacho hospitali hudai kama amana, hatutakwenda.

Nibakishe swali moja kwa Mwana wa Kisauni. Tukipata nyumba ya kukodi, tusubiri siku ngapi kabla ya dada hawa wawili kuonana? Na kuna rafiki anatupa nyumba yake ya Diani kwa bei ya chini sana, je, tuichukue?

Mwana wa Kisauni

Diani ni pazuri, lakini ili mfike kwa gari kutoka Mombasa ni lazima mvuke kivuko cha Likoni, na kila mtakapotaka kumwona mama mdogo mtavuka tena kwenda na kurudi. Pale feri watu husongamana bega kwa bega asubuhi na jioni, janga au hapana janga. Njia ya kuzungukia Kinango ipo, ila ni ndefu na ina sehemu za vumbi, si ya kumpitisha mgonjwa. Hiyo bei ya chini mwachieni rafiki yenu. Tafuteni nyumba upande wa kaskazini, Nyali, Bamburi au Shanzu, yenye ua wake, ngazi chache na jiko mtakalopikia wenyewe, kwa sababu mtakuwa upande mmoja na Kisauni bila kuvuka maji yoyote.

Kuhusu siku, zikiwa kumi na nne ndiyo salama zaidi, na kwa kuwa kazi yako unaifanya kwa kompyuta sioni kwa nini zisiwezekane. Mkishindwa kabisa, jizuieni Nairobi kwanza: wiki nzima kabla ya safari pasiwe na soko, kanisa, msikiti wala mgeni, na mkifika hapa mkae siku nyingine saba wenyewe. Kisha mama mdogo aje kwenu, msiende nyinyi kwake, kwa maana akija yeye anakuja na mtu mmoja wa kumsindikiza, na mkienda nyinyi mtakuta mtaa mzima. Wakae uani baada ya alasiri, wakati upepo wa kusi unavuma, viti viwe mbalimbali, kila mtu na sahani yake. Watalia kidogo kwamba hawakumbatiani. Waacheni walie, ila muwe mmeweka kitakasa mikono mezani, kwa sababu nawajua mama zetu: masharti watayafuata mpaka wakati wa kuagana.

Dawa za sukari, hasa kama anatumia insulini, zisikae kwenye buti la gari. Joto la Tsavo litaziharibu kabla hamjafika Voi. Wekeni kwenye kisanduku cha barafu, zifungwe kwa kitambaa ili zisigusane na barafu yenyewe, na kisanduku kikae miguuni kwa abiria wa mbele.