Mrejesho: hamira iliyokuwa inaisha kwenye kemostati

Wakuu, heshima kwenu. Niliuliza kwa nini hamira ya mvinyo inaisha kwenye kemostati (chombo cha kukuzia vijidudu, chakula kipya kinapampuliwa ndani na kiasi kilekile kinatoka) ya maabara yetu hapa Dodoma, ilhali chakula kinaingia saa zote. Mdau mmoja akasema nigawe kasi ya pampu kwa ujazo wa chombo. Nimegawa: mililita 250 kwa saa, chombo mililita 500, jibu 0.5 kwa saa, yaani kila saa nusu ya kilichomo chomboni inabadilishwa. Hamira hii kwenye glukosi hukua takriban 0.4 kwa saa, tena ikijitahidi. Ilikuwa inasombwa nje haraka kuliko inavyozaliana, basi.

Nimeshusha pampu hadi mililita 50. Sasa ni 0.1, seli zinaongezeka maradufu kila saa 7 hivi, na kinachozishika breki ni uhaba wa glukosi. Mwanabiolojia Mfaransa Monod alishalieleza hili 1950, na watafiti Novick na Szilard kule Marekani mwaka huohuo.

Utamu uko hapa. Nilipopandisha taratibu kupita 0.3, bomba la kutolea likaanza kunukia kama pipa la mvinyo la Hombolo. Pombe, na hewa inapulizwa muda wote! Glukosi ikiingia kasi hivyo, seli huchachusha sehemu yake hata oksijeni ikiwepo.

Umeme ukikatika nasubiri upya hali itulie ndipo nipime, yaani ujazo wa chombo ubadilike walau mara tano, kwa 0.1 ni saa 50. Halafu kuna utando mweupe unaoganda kwenye kioo, juu kidogo ya kimiminika. Hausombwi, na unanivurugia hesabu. Mwenye dawa yake aseme.