MJADALA: Pantoni za Magogoni–Kigamboni, serikali iachie au ibaki nazo?

Kijana wa Kibada
Wakuu, tuongee bila ushabiki. Daraja la Nyerere, lile la Kigamboni, lipo tangu 2016 na magari yanapita. Magogoni bado tuko na pantoni za serikali chini ya TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, na malalamiko ni yale yale: moja ikienda matengenezo, zilizobaki zinabeba mzigo wake. MV Magogoni, ile kubwa ya abiria 2,000 na magari 60, mwaka 2023 ilibidi ivutwe hadi Mombasa ikakarabatiwe. Mombasa, jamani, kana kwamba Dar haina bahari.

Hoja yangu ni hii: serikali ijitoe kwenye uendeshaji, ibaki na ukaguzi wa usalama na kupanga nauli. Wenye boti zao waje washindane. Wengi wanaovuka pale ni waenda kwa miguu, na mwenda kwa miguu hana haja ya kusubiri chuma kizito kipakie malori ndipo naye avushwe mita mia kadhaa. Boti ndogo ikijaa, iondoke.

Najua watu wa ng'ambo mtakuja na machozi ya "mali ya umma". Watu wa kusini walivuka Ndundu miaka yote bila kelele, nyie dakika arobaini za foleni mnataka Bunge likae.

MzeeWaTungi
Kijana, wewe umehamia Kibada lami ikiwa imeshafika. Sisi tunaijua Kibada ya mikorosho.

Machozi unayajua? Mwanzoni mwa 2012 nauli ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Wabunge wa Dar wakalalamika. Waziri wa Ujenzi wakati huo, Magufuli, akatuambia anayeona 200 ni nyingi apige mbizi, au azungukie Kongowe. Daraja lilikuwa kwenye makaratasi. Hukuwepo, basi nyamaza kidogo usikilize.

Chuma cha Chato
Mzee, marehemu hawezi kujibu, mwache apumzike. Huyo aliyewaambia mpige mbizi ndiye aliyewafungulia daraja miaka minne baadaye. Wengine walikuwa wanakata tepe tu.

MzeeWaTungi
Jiwe la msingi la daraja aliweka Kikwete. Sasa hapo mkata tepe ni nani?

Chuma cha Chato
Jiwe la msingi halivushi mtu.

Tozo_Ya_Nini
Mnagombania nani kajenga wakati bado mnalilipia. Daraja la Tanzanite pale Selander lilifunguliwa 2022, watu wa Masaki na Oysterbay wanapita wakipiga honi, hawatoi hata senti. Mtu wa Kigamboni akivuka na bodaboda yake analipa. Walipunguza tozo mwaka huo huo wa 2022, sawa, lakini kupunguza siyo kufuta. Hapo mnaniambia nini kuhusu "huduma ya umma"?

Hesabu za Mtaani
@Tozo_Ya_Nini usichanganye. Tanzanite ni mkopo wa Korea, anaulipa kila Mtanzania kwa kodi. La Kigamboni NSSF ilitia asilimia 60 na serikali 40. Ile ni michango ya wafanyakazi, ni lazima irudi. Ukitaka lifutwe, kamwambie mstaafu asiyekuwa na gari kwamba kiinua mgongo chake kimekuwa lami ya bure ya watu wengine.

Tozo_Ya_Nini
Mstaafu mwenyewe anakaa Mjimwema na analipa! Unamlipisha kwa pesa yake.

Mndengereko Halisi
Nilikuwa napita tu. Nimerudi kwa sababu ya sentensi moja ya mleta mada. "Watu wa kusini walivuka Ndundu bila kelele." Nani kakwambia?

Nikueleze Ndundu, maana nadhani unaiona kwenye ramani kama nukta. Basi la Mtwara linatoka Dar alfajiri. Kufika mto Rufiji ni suala la bahati na mvua. Ukikuta foleni imerudi nyuma hadi huoni maji, unajua umelala hapo. Konda anashuka kwenda kuulizia, anarudi kimya, na abiria wote wanaelewa bila kuambiwa. Kina mama wanatandika khanga chini ya basi. Mbu wa Rufiji hawana adabu, wanauma juu ya nguo. Wauzaji wanapita na karabai: kambale wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, chai ya tangawizi. Asubuhi zamu yako ikifika, abiria wote mnashuka, basi linapanda pantoni tupu, nyie mnaingia kwa miguu. Kama kingo zimelowa, basi linakwama kwenye tope na wanaume mnasukuma, viatu mmeshika mkononi. Mto ukifurika, hakuna pantoni. Mnakaa. Kuna watu wamekosa mazishi ya wazazi wao pale, kuna waliokwama na mzigo wa korosho.

Tukapiga kelele tangu enzi za Mwalimu. Hatukusikika kwa sababu kelele za kusini zinatoka mbali na zikifika Dar zimechoka. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003. Miaka zaidi ya arobaini ya uhuru, bwana Kibada. Usitutumie kama mfano wa uvumilivu kwenye ugomvi wako wa kwenda Posta.

Kijana wa Kibada
Mkuu, nilitania kidogo. Hoja ilikuwa uendeshaji binafsi.

Mndengereko Halisi
Tania watani wako.

Makonde wa Newala
Mndengereko kamaliza, ila kaacha kipande. Baada ya daraja, kutoka Ndundu hadi Somanga kilomita 60 hazikuwa na lami kwa zaidi ya miaka kumi mingine. Daraja zuri la karibu kilomita moja, ukishuka unaingia kwenye vumbi au tope kutegemea mwezi. Ndiyo maana mtu wa Mtwara ukimwambia "daraja limekuja, tatizo limekwisha" anakuangalia tu. Na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ikakatika tena upande wa Somanga, mabasi yakarudi kulala njiani kama zamani.

Chuma cha Chato
Lami ya kusini ilichelewa kwa sababu wabunge wenu walikuwa wanasinzia.

Makonde wa Newala
Mkapa alikuwa wa Masasi na alikuwa Rais. Huyo naye alisinzia? Daraja alilijenga akiwa macho?

Chuma cha Chato
Ndiyo hoja yangu, mlikuwa na Rais na bado mnalalamika.

Bin Likoni
Salaamu zenu watani. Nawasoma tangu asubuhi. Kwanza huyo asemae pantoni kupelekwa Mombasa ni aibu, aibu ya nini? Mombasa tuna mafundi wa meli tangu zamani, leteni tu.

La pili, mwalipa ili mvuke kwa miguu? Huku Likoni mwenda kwa miguu halipi hata ndururu. Yuapanda, yuashuka, yuaenda zake. Ni magari ndiyo yalipayo. Mtu masikini wa Kwale aingia mjini kutafuta kibarua, utamtoza vipi kabla hajakipata?

Kijana wa Kibada
@Bin Likoni na ndiyo maana feri zenu zinaonekana kwenye habari kila mara. Cha bure hakitunzwi.

Bin Likoni
Pole pole ndugu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Mwaka 2019 gari liliteleza kutoka MV Harambee katikati ya mkondo, mama na mwanawe ndani, na ikachukua karibu wiki mbili kuwatoa. Mji mzima ulikuwa wasimama ufukoni watazama wapiga mbizi. Kwa hivyo usinifunze mimi habari za feri na usalama kwa maneno ya kejeli. Mtongwe hawakufa kwa sababu nauli ilikuwa ndogo, walikufa kwa sababu watu walijazwa kupita kiasi.

Hesabu za Mtaani
Bin Likoni samahani kwa niaba ya jukwaa. Nikuulize: lile daraja la kuelea la Liwatoni mlilojengewa wakati wa korona, lilipunguza foleni ya feri? Maana huku kuna watu wanasema Magogoni nako liwekwe la namna hiyo, na mimi sioni meli za bandarini zitapita wapi. Pale ndipo mlango wenyewe wa bandari ya Dar. Ndiyo sababu Daraja la Nyerere halikujengwa Magogoni, likapelekwa ndani huko Kurasini, nyuma ya magati. Wanaosema "serikali ilijenga mbali makusudi" hawajawahi kuiona meli ya makontena ikipita mbele ya pantoni. Pantoni husimama, mnaitazama ikipita juu yenu kama jengo la ghorofa, ndipo mnaendelea.

Bin Likoni
Lilisaidia wakati ule. Lakini meli ikija lilikuwa lafunguliwa, nasi twasubiri. Wenye haraka walirudi kwa feri.

Mwana wa Ukara
Mmecheka vya kutosha. Mleta mada anasema "boti ikijaa, iondoke". Rudia kusoma ulichoandika.

Tarehe 20 Septemba 2018. Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, huku Ziwa Victoria. MV Nyerere uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa tu ni 228. Ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati ya Bwisya, watu wa nyumbani wamesimama wanaona. Nani aliamua kwamba imejaa? Kwenye kivuko hakuna "kujaa" hadi mtu mwenye mamlaka aseme imejaa na afunge mlango. Wewe unataka huyo mtu alipwe kwa kichwa.

Kijana wa Kibada
Pole sana ndugu, kwa dhati. Lakini MV Nyerere ilikuwa ya serikali. Ni chini ya TEMESA hao hao. Mfano wako unanisaidia mimi.

Mwana wa Ukara
Nimekuwekea maiti mezani, wewe unahesabu zinamsaidia nani.

Zenji Asilia
Kijana, hiyo njia usiende. MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ilikuwa ya mtu binafsi. MV Skagit Julai 2012, ya binafsi. MV Bukoba 1996, ya shirika la umma. Maji hayaulizi hisa ni za nani. Anayezidisha abiria ni yule ambaye hakuna anayemzuia, basi.

Kada Mtiifu
Naona mada imeingizwa siasa. Serikali imejenga MV Kazi kwa mkandarasi mzawa, Songoro, haya hamyasemi. Kigongo–Busisi daraja la kilomita tatu limefunguliwa Juni 2025, wasafiri wa Sengerema na Geita hawasubiri tena pantoni. Tuwe na shukrani.

Mama Ntilie wa Busisi
Shukrani tunayo. Ila basi halisimami tena kwangu. Zamani foleni ya pantoni ilikuwa ndiyo wateja wangu: sangara, ugali, chai, kuanzia giza mpaka giza. Sasa linapita juu kwa spidi, abiria wananitazama kwa dirisha. Sisemi daraja libomolewe. Nasema waliolipanga walihesabu magari, sisi hatukuhesabiwa.

Tozo_Ya_Nini
Na la Busisi halina tozo, sivyo? Kigamboni tu.

Hesabu za Mtaani
Wewe ukiamka unawaza tozo.

Mndengereko Halisi
Nilisema siongezi, naongeza. Kada hapo juu anaongea kama vile madaraja yamemaliza kazi. Makao makuu ya zamani ya Rufiji ni Utete, na Utete iko ng'ambo ya kusini ya mto. Mtu wa kijiji cha Mkongo, upande wa kaskazini, akitaka kwenda huko ana kivuko cha Utete, au azunguke hadi Daraja la Mkapa, afike Nyamwage, ndipo arudi ndani. Hapo hakuna maelfu ya abiria. Kuna mgonjwa, mwanafunzi, mtu na magunia yake ya mpunga.

Sasa kijana wa Kibada, huyo mwekezaji wako ataitaka Magogoni, nani hapendi Magogoni? Watu wanavuka usiku na mchana. Utete nani ataitaka? Ukara? Pangani–Bweni? Ukishampa mtu kivuko kinacholipa, hivi visivyolipa utaviendesha kwa pesa ipi? Hilo nijibu, kelele za kusini tuziache.

Chuma cha Chato
Nyamwage umeandika vizuri, lakini Utete siku hizi magari yanafika, usiongee kama tuko 1980.

Mndengereko Halisi
Gari linafika. Nani kakataa? Mwenye gari.

Makonde wa Newala
Ndengereko tulia, hawa wa Dar wakiona neno "mpunga" wanafikiri ni hela.

MzeeWaTungi
Na mimi sijajibiwa ile ya mbizi.

Kijana wa Kibada
Mzee, nauli bado ni 200 na siku hizi unagonga kadi unaingia. Kwa miaka yote hiyo haikupanda, nani mwingine kwenye mji huu anakuvusha kwa 200? Daladala haifiki hata kituo cha pili.

MzeeWaTungi
Kadi ndiyo kabisa. Ikigoma getini nyuma yako kuna watu mia, wote wanakusonya. Noti haigomi.

Tozo_Ya_Nini
Noti iliyochanika inagoma mzee, nimeshuhudia.

MzeeWaTungi
Hiyo ya kwako. Yangu naikunja vizuri.