Tupeane uzoefu: hali ya masharti ya Kifaransa ilikukamata wapi?

Binti Pangani: Wakuu, habari za leo. Jana usiku nilikuwa nikimsaidia mdogo wangu wa kidato cha tatu kazi yake ya Kifaransa, na nilipoona ameandika "si je parlerais bien, je travaillerais à Paris" moyo ulinishtuka, kwa sababu kosa hilohilo ndilo lililonitoa machozi nilipokuwa na umri wake. Sisi husema "ningezungumza vizuri, ningefanya kazi Paris", -nge- huku na -nge- kule, nao mkono hufuata mazoea ya nyumbani. Kifaransa hakikubali: baada ya "si" (yaani "kama") kinataka imparfait, ule wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea: "si je parlais bien", na masharti hukaa upande wa pili tu. Ninyi iliwakamata wapi?

Mkaa Bweni: Hapohapo kwenye "si". Nakuunga mkono kwa kila neno.

Mwalimu Mstaafu: Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, na kwa vitenzi vya kawaida sikuona kosa lililozidi la kukata mwisho wa kitenzi kabla ya wakati. Mwanafunzi amezoea wakati uliopo, ambako "-er" ya "parler" huondolewa, basi naye huiondoa, akapachika "-ais" na kupata "je parlais", ambayo ni imparfait. Kiacheni kitenzi kizima, kisha ongezeni -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient: je parlerais, tu parlerais, il parlerait, nous parlerions, vous parleriez, ils parleraient. "Finir" hutoa "je finirais" vivyo hivyo. Vitenzi vya "-re" kama "vendre" ndivyo hudondosha "e" ya mwisho, tukapata "je vendrais".

Mpokezi wa Zamani: Mwalimu, laiti ningalikuwa darasani kwako. Nilikuwa mpokezi wa wageni katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, na familia moja kutoka Ufaransa ililalamika kwa barua pepe kwamba maji yalikatika siku mbili mfululizo. Meneja aliniagiza niwajibu kwamba sisi wa mapokezi tungewarudishia fedha za siku hizo, ila uamuzi ulikuwa wa mwenye hoteli. Nilipaswa kuandika "nous vous rembourserions". Nikaandika "nous vous rembourserons", bila ile "i" moja, na habari ya mwenye hoteli nikaiweka chini kabisa ya barua. Mwenye hoteli alikataa. Siku ya kuondoka, baba wa familia alikuja mezani kwangu na barua iliyochapishwa, akaweka kidole juu ya neno lile na kulisoma kwa sauti mbele ya wageni wengine, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakunitukana. Alisoma tu, nami nilisimama nikiliona kosa langu kwa macho yangu, ahadi kamili mahali ambapo palitakiwa sharti. Walilipwa, na fedha zile zikakatwa katika mshahara wangu kwa miezi mitatu.

Mkaa Bweni: Pole sana, ndugu. Meneja ndiye aliyestahili kulipa, kwani hakuisoma barua kabla haijatumwa.

Kijana wa Katuba: Sikubaliani nawe. Aliyeandika ndiye aliyeaminiwa kwamba anaijua lugha.

Mkaa Bweni: Kuaminiwa si sababu ya kumkata mtu mshahara wa miezi mitatu!

Kijana wa Katuba: Tuliache hilo, turudi kwenye mada. Huku Lubumbashi tunasoma kwa Kifaransa tangu utotoni, na bado nawasikia watu wazima wakisema "si j'aurais" badala ya "si j'avais". Hata Wafaransa wenyewe wamo wanaosema hivyo. Tusiwatishe watoto kupita kiasi.

Mwalimu Mstaafu: Wanasema, mwanangu, lakini katika mtihani sentensi hiyo hukatwa alama.

Dada wa Kisumu: Mimi niliteswa na imla. "Je parlerai" na "je parlerais" watu wengi huzitamka sawa kabisa, nami nilikuwa nikibahatisha hadi mwenzangu mmoja aliponifundisha kuweka "nous" (sisi) badala ya "je" (mimi). Maana ikidai "nous parlerons", ni wakati ujao na "s" haipo. Ikidai "nous parlerions", andika "s".

Mkaa Bweni: Ushauri wangu ni kukariri jedwali zima kwa sauti kila alfajiri.

Dada wa Kisumu: Jedwali nililikariri mwaka mzima bila faida. Anza na maneno ya adabu, "j'aimerais un café" (ningependa kahawa), mdomo uzoee kwanza.

Mpokezi wa Zamani: Mimi hadi leo, kabla ya kutuma barua yoyote, huitafuta ile "i" kwa kidole.

Binti Pangani: Mdogo wangu ameijaribu njia ya "nous" ya dada yetu wa Kisumu, sentensi nne amepata. Amekwama kwenye "étudier": ameandika "nous étudiions", kwa sababu anasema "e" haisikiki.

Mwalimu Mstaafu: Hiyo aliyoandika ni imparfait. Mwambie asikate kitenzi: nous étudierions. Hiyo "e" huandikwa hata isipotamkwa.